Dawa ya Nyuki Imo Mitini

Ni jambo la kupongezwa kwamba askari wa jeshi na wa polisi hapa Uganda, hasa wanaokaribia kustaafu, wanaweka mizinga ya nyuki mashambani kwao. Lakini hatuna budi kumwonya yule ambaye, akiona nyuki wake wamepungua, hukimbilia dukani kununua unga wa kuua wadudu au dawa za antibiotiki na kuzitia mzingani. Huyo ahatarisha kiinua mgongo chake, na ahatarisha soko la wenzake pia. Nchi yetu iliruhusiwa kuuza asali katika Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Na ni Umoja huo huo ulioifungia mlango asali ya China mwaka 2002, baada ya masalio ya antibiotiki kugunduliwa katika bidhaa za nchi hiyo.

Adui anayetajwa sana ni utitiri uitwao varoa, mdudu mdogo mwekundu anayewanyonya nyuki na majana yao. Alitoka Asia, akaonekana Kenya na Tanzania mwaka 2009, kisha akaingia kwetu. Huko Ulaya na Marekani kundi lisilotibiwa kwa kawaida hufa katika miaka michache. Nyuki wetu wa Afrika, kinyume chake, wameonekana kumstahimili bila dawa yoyote. Kuwatia sumu nyuki wa namna hiyo ni kumpiga risasi mlinzi wa lango lako.

Basi wanajilindaje? Kwa sehemu, kwa mimea. Nyuki huchuma utomvu katika machipukizi na magome ya miti, huubeba miguuni, huuchanganya na nta, kisha huupaka katika kuta za mzinga. Hiyo ndiyo gundi ya nyuki, nayo huzuia bakteria na ukungu. Katika utafiti uliotolewa nchini Marekani mwaka 2012, makundi yaliyoambukizwa ule ukungu unaoyafanya majana kuwa magumu kama chaki yalizidisha kuchuma utomvu. Yaani nyuki walijitafutia dawa wenyewe. Na bado mfugaji wetu, aliyezoea ukaguzi wa kambini, hukwangua gundi yote hadi ubao ung'ae! Akwangue ile inayonatisha vijiti vya masega tu. Ile ya kutani aiache.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila kitokacho katika mmea ni salama. Thimoli, inayopatikana katika mafuta ya thaimu, huua varoa kwa mvuke wake. Lakini katika joto kali mvuke huo huwatoa nyuki nje ya mzinga, na asali iliyomo hushika ladha yake. Tumbaku nayo ni mmea, ila nikotini yake ni sumu ya wadudu, na moshi wake haufai kabisa. Gunzi kavu la mahindi latosha.

Kundi likizidi kudhoofika, mwenye mzinga atazame kwanza kama sisimizi wanapanda kichanja, kama nondo wa nta wameingia masegani, na kama yeye mwenyewe alirina asali yote bila kuwaachia nyuki chakula. Asipoona sababu, amwite afisa wa wilaya anayeshughulikia wadudu, kabla ya kununua chochote.