Bunia: paka abaki penye unga, ndege waachwe mtini

Mjini Bunia, toka Mudzi-Pela mpaka Nyakasanza, paka hafugwi kwa urembo. Anafugwa kwa ajili ya panya wanaotoboa mifuko ya unga. Na katika Ituri panya si mchezo: upande wa Rethy na Aru, viroboto wao wameleta tauni mara nyingi.

Lakini paka huyo huyo, kukipambazuka tu, anavizia shore na chozi kwenye mwembe wa uani. Nchini Marekani, utafiti wa 2013 ulikadiria kwamba paka wanaua ndege bilioni 1.3 hadi 4 kwa mwaka.

Wanaotaka paka wafukuzwe wanakosea; shore hakamati panya. Panya hutoka usiku, ndege hushuka chini asubuhi. Basi paka afungiwe ndani toka jioni hadi jua lipande. Kazi yake iko humo, penye mifuko.

Ila wakaaji wakiona panya wanakufa ovyo bila sumu, paka asilale na watoto: naye hushika tauni na kuambukiza watu. Kituo cha afya kipewe habari siku hiyo hiyo.