Cheti ukutani, mfamasia hayupo

Mteja anafika dirishani, anataja dawa, anatajiwa bei, analipa, anapewa bahasha iliyoandikwa "2x3". Hakuna aliyemuuliza mgonjwa ni nani, ana uzito gani, ni mjamzito au anatumia dawa nyingine. Katika maduka mengi ya dawa nchini hiyo ndiyo inayoitwa huduma. Haivumiliki.

Maelezo yanayodaiwa hapo si marefu. Dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, vinne kila mara. Lakini vinne vya pili humezwa saa 8 baada ya vya kwanza, vinavyofuata kila baada ya saa 12, na vyote pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri. Asiyeambiwa hayo amenunua dawa sahihi na ataitumia ovyo. Anayechukua parasetamoli pamoja na vidonge vya mafua huenda anameza parasetamoli maradufu bila kujua. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Zaidi ya hapo ini liko hatarini.

Hata machache yanayosemwa husemwa vibaya. "Kutwa mara tatu" ni agizo lenye mtego, kwani kutwa ni tangu macheo hadi machweo. Mgonjwa anayejua Kiswahili chake atamaliza dozi zote tatu kabla ya jua kuzama, wakati antibayotiki ilikusudiwa kila baada ya saa 8. Kosa si lake.

Wenye maduka hujitetea kwamba wateja wana haraka. Mteja wa chipsi naye ana haraka, na bado huulizwa kama anataka pilipili.

Sababu halisi inajulikana: mfamasia ambaye cheti chake kimetundikwa ukutani hayupo. Amekikodisha, analipwa kwa mwezi, na dirishani yuko kijana asiye na mafunzo. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yalijengwa juu ya ahadi kwamba mtoa dawa atakuwa amefundishwa kushauri na kumpeleka mgonjwa kituo cha afya inapobidi. Pale shemeji wa mwenye duka anapouza nusu dozi ya antibayotiki bila cheti cha daktari, ahadi hiyo imevunjwa, na usugu wa vimelea unaotokana nayo hauishii kwa mnunuzi.

Baraza la Famasi lina Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 mkononi. Ukaguzi wa kuhesabu vyeti na kupima joto la chumba hautoshi. Wakaguzi waende kama wateja, wanunue, wasikilize wanachoambiwa. Anayekodisha cheti afutiwe usajili pamoja na leseni ya aliyemkodishia, na majina yao yatangazwe. Bahasha iandikwe saa kwa maneno. Na kila famasi itenge mahali pa kuzungumza faragha, maana hakuna atakayeeleza dalili za kisonono mbele ya foleni ya majirani.

Wizara ya Afya ieleze hayo yataanza lini.