Majeruhi si Gunia la Mahindi!



Boda boda zilizaliwa mpakani Busia kwa baiskeli. Leo zimeanza kutembea kwa umeme. Vijana wa Jinja na Mbale wanazisifu kwa kukosa moshi na kelele. Lakini mgongo haujui petroli wala umeme, na kofia ngumu hulinda kichwa tu.

Tatizo kubwa ni sisi wasaidizi. Ajali ikitokea tunamnyanyua majeruhi kwa makwapa na miguu, tunamkunja juu ya boda nyingine. Mfupa uliovunjika unaweza kukata mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo, na ikishakatika hakuna dawa ya kuiunga. Kijana anapooza maisha, nasi tunasema: "Ni qadar ya Allah"! Je, Mtume (S.A.W.) hakumwambia mtu mmoja amfunge ngamia kwanza, ndipo atawakali?

Pasipo hatari ya moto au magari, msimsogeze. Akilazimika kubebwa, mmoja ashike kichwa kisitikisike, wengine wamwinue kwa pamoja, alazwe juu ya ubao au mlango. Wazazi, wafundisheni watoto haya kama mnavyowafundisha udhu.