Aliyepona Sonona Asiachwe Peke Yake

Mgonjwa akiinuka kitandani, sisi jamaa zake hushukuru, kisha tukatawanyika. Kwa mwenye sonona, hapo ndipo ulinzi unapopaswa kuanza. Takriban nusu ya waliopatwa na maradhi haya mara moja hurudiwa nayo, na kila yanaporudi, uwezekano wa kurudi tena huzidi.

Sababu ni ipi? Wanasaikolojia John Teasdale, Mark Williams na Zindel Segal walibaini kuwa kwa aliyewahi kuugua, huzuni ndogo ya kawaida huziamsha fikra za zamani: kwamba hana thamani, kwamba hakuna tumaini. Wakaandaa mafunzo ya wiki 8 ya kumzoeza mtu kuitambua fikra hiyo inapozuka, aiache ipite wala asiifuate. Katika utafiti wao wa mwaka 2000, miongoni mwa waliougua mara 3 au zaidi, asilimia 66 ya wasiofunzwa walirudiwa na maradhi, na waliofunzwa asilimia 37.

Lakini mafunzo hayo yalihitaji mwalimu na darasa, na walimu ni adimu. Ndipo yakapelekwa kwenye intaneti. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2020, lililohusisha watu 460 waliobakiwa na dalili za sonona, lilionesha kuwa yakiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, dalili hupungua na maradhi hurudi kwa wachache zaidi.

Wapo wasemao kuwa mwenye imani thabiti hapatwi na sonona. Kauli hii humziba mgonjwa mdomo, akaficha dalili za mwanzo, nazo ndizo nyepesi kutibika. Dini yetu imetuhimiza kutafuta dawa, wala haikuyatenga maradhi ya nafsi.

Hata hivyo, mtandao haushiki nafasi ya daktari. Anayetumia dawa asiziache bila ushauri, na mwenye fikra za kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Rai yetu ni kwamba wataalamu wayaandae mafunzo kama haya kwa Kiswahili fasaha, yasikilizike hata kwenye simu ya bei nafuu. Nasi jamaa tuulize mapema: je, usingizi umepotea? Je, ameanza kujitenga? Kumjulia hali aliyepona nako ni katika kumzuru mgonjwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.