Duara Kwanza, Jedwali Baadaye

Likizo iliyopita, nikiwa Mogitu, binamu yangu wa Kidato cha Nne aliniletea daftari lake la Hisabati. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na grafu ya saini, safi, nukta zote mahali pake, na vema kubwa jekundu pembeni. Nikamuuliza: kwa nini mstari huu unapanda haraka mwanzoni, kisha unakuwa mvivu ukikaribia kilele?

"Kaka, ndivyo jedwali linavyosema."

Alikuwa amepata alama zote, na hakuwa na habari alichokuwa amekichora. Simlaumu yeye. Nami nilichora hivyo hivyo: fungua jedwali la takwimu nne, nakili namba, weka nukta, unganisha. Jedwali linaishia nyuzi 90, kwa hiyo kupita hapo tunakariri sentensi ya Kiingereza kuhusu wanafunzi na kahawa, ili tukumbuke wapi pa kuweka alama ya kutoa. Hayo tunayaita trigonometria. Mimi nasema ni kunakili kwa mwandiko mzuri.

Tulitoka uani. Tukachomeka kigingi, tukafunga kamba, tukachora duara mavumbini. Urefu wa kamba tukauita 1. Kamba hiyo hiyo, ukiipiga hatua kufuata duara, inaingia mara sita kamili. Kila nafasi ukiigawa mara mbili unapata alama 12, kama uso wa saa ya ukutani. Kila alama ni nyuzi 30. Hatukuhitaji hata kipimapembe.

Kisha tukapiga mstari wa mlalo kupita kwenye kigingi. Tukaanzia penye namba 3 ya saa, tukaenda kinyume na mwendo wa saa, na kwa kila alama tukakata bua la mahindi lenye urefu wa kutoka mstari ule hadi kwenye duara. Penye nyuzi 0 hakuna bua. Nyuzi 30, nusu ya kamba. Nyuzi 60, takriban 0.87. Nyuzi 90, kamba nzima. Tukayapanga mabua kandokando kwa nafasi sawa. Yale ya nusu ya chini ya duara tukayalaza upande wa chini wa mstari. Wimbi likajitokeza lenyewe.

Sasa swali langu lilikuwa na jibu. Penye namba 3 duara linaelekea juu moja kwa moja, kwa hiyo kila hatua inaongeza kimo kingi. Karibu na kilele duara linaenda kando, na kimo hakiongezeki sana: nyuzi 30 za kwanza zinakupa 0.5, nyuzi 30 za mwisho kabla ya 90 zinakupa 0.13 tu. Uvivu wa mstari si tabia ya namba. Ni tabia ya kitu kinachozunguka.

Kosaini nayo haihitaji somo jipya. Badala ya kupima umbali wa kwenda juu, pima wa kwenda kando. Mwanzoni uko mbali kabisa na kigingi, ndiyo maana inaanzia 1. Alama za kutoa hazihitaji kahawa: ukiwa chini ya mstari, saini ni hasi, ukiwa kushoto kwa kigingi, kosaini ni hasi. Nani anayehitaji kukariri kushoto na chini?

Kinachonikera zaidi ni kwamba wazo hili si geni kwa watu wa Mbulu. Wataalamu wa hesabu wa India ya kale walilitazama duara wakaona upinde. Tao la duara ni mti wa upinde, mstari unaounganisha ncha zake ni upote, na saini ni nusu ya upote huo. Neno lao la upote, jya, likapita kwa Waarabu; huko maandishi yake yakasomeka kama jayb, na watafsiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakaandika sinus. Bonde la Yaeda, Wahadzabe wanavuta pinde hadi leo. Mtoto anayeujua upote anafundishwa kwamba saini ni vitufe vitatu kwenye kikokotoo.

Najua nitakayojibiwa. Madarasa yamejaa, kipindi ni dakika 40, na mtihani wa taifa unauliza majibu. Nakubali yote matatu. Lakini kamba, chaki na sakafu vipo hata kwenye darasa lililojaa, na dakika zinazotumika kukariri alama za robo nne zinatosha kuchora duara moja. Na huo mtihani tunaouogopa ndio ambao, kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya watahiniwa wamekuwa wakifeli Hisabati. Kukariri kumepewa nafasi ya kutosha kujitetea.

Wengine watasema ni sura moja tu ya kitabu. Umeme wa gridi yetu unapanda na kushuka kwa wimbi hilo hilo mara 50 kila sekunde, kwa sababu kwenye Bwawa la Julius Nyerere na kwingineko kuna mitambo inayozunguka. Anayedhani grafu inatoka kwenye jedwali hawezi kuona kwa nini mtambo wa duara unazaa wimbi.

Jioni ile binamu yangu alibaki akiyahesabu mabua. Akayaweka la nyuzi 60 na la nyuzi 120 pamoja, yakalingana. Akajaribu la 240, akaligeuza, likalingana.

"Kumbe ndiyo maana jedwali linaishia 90," akasema. "Mengine yote ni haya haya."

Hilo halikuwa kwenye daftari lake, na hakuna aliyemwekea vema.