MVC Si Folda Tatu, Jamani!

Leo nina neno na wenzangu tunaotengeneza programu za wavuti, na najua wengine watanuna. Neno lenyewe ni hili: wengi wanaojisifu kwamba wanatumia MVC hawaitumii. Wana folda tatu zenye majina mazuri, basi.

Mwulize kijana aliyetoka mafunzoni juzi MVC ni nini. Atakujibu mbio mbio kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha: modeli ni hifadhidata, mwonekano ni HTML, kidhibiti ni kile kilicho katikati. Hilo la kwanza, kwamba modeli ni hifadhidata, ndilo linalonikera. Uharibifu wote huanzia hapo, na anayeulipia si yeye. Ni mwananchi mwenye pesa zake.

Kwa wale ambao si watu wa fani hii, tuanze na msingi. MVC ni njia ya kugawa programu katika sehemu tatu. Modeli ni sehemu inayoyajua mambo yenyewe: mwanachama ni nani, akiba yake ni ngapi, anaruhusiwa nini na anakatazwa nini. Mwonekano ni kile anachokiona mtumiaji: maandishi, rangi, vitufe. Kidhibiti hupokea ombi la mtumiaji, hulipeleka kwa modeli, kisha huchagua mwonekano wa kurudisha jibu. Kidhibiti ni karani wa mapokezi. Anapokea barua, anajua ofisi ya kuipeleka, lakini haidhinishi mkopo. Ukimkuta karani wa mapokezi akiidhinisha mikopo, jua ofisi hiyo ina shida.

Mpango huu ni mkongwe kuliko wavuti. Aliyeubuni ni Mnorwe, Trygve Reenskaug, mwaka 1979 alipokuwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC kule California, kwa lugha ya Smalltalk. Wakati huo Tim Berners-Lee hajapendekeza wavuti; hilo lilikuja miaka 10 baadaye. Reenskaug hakuwa anahangaika na folda. Alitaka picha ya mambo iliyo kichwani mwa mtumiaji ifanane na picha iliyo ndani ya tarakilishi, na mtu aweze kuiangalia picha hiyo moja kwa njia nyingi.

Halafu zikaja fremuweki za wavuti: Rails mwaka 2004, Django mwaka 2005, CodeIgniter mwaka 2006, Laravel mwaka 2011. Kila moja ikachukua wazo hilo na kulishona upya kwa kipimo chake. Django hata majina iliyageuza: kinachoitwa mwonekano kule, wengine wangekiita kidhibiti, na kinachoonyeshwa kwa mtumiaji kinaitwa kiolezo. Kwa hivyo ndugu yangu, usigombane na mtu kwa sababu ya majina. Gombana naye kuhusu jambo moja tu: kanuni za kazi zinakaa wapi?

Tuchukue mfano wa nyumbani. Chama cha akiba na mikopo kina kanuni inayojulikana sana hapa Kenya: mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwenye akiba ya shilingi 40,000 kikomo chake ni shilingi 120,000. Mwanaprogramu wetu wa folda tatu anaiandika kanuni hiyo wapi? Anaiandika kwenye kidhibiti cha ukurasa wa kuomba mkopo. Wengine, Mungu awasamehe, wanaiandika kwa JavaScript ndani ya kivinjari peke yake, mahali ambapo mtu mjanja anaweza kuiruka na kutuma ombi lake moja kwa moja kwa seva.

Mwaka unapita. Chama kinagundua kwamba wanachama wengi hawana simu za bei. Wana kabambe, ile mulika mwizi. Basi inaongezwa huduma ya USSD, ile ya kubonyeza nyota, nambari, kisha alama ya reli. Kanuni ya mara tatu iko kwenye ukurasa wa wavuti, kwa hivyo inanakiliwa kwa USSD. Kisha inatengenezwa programu ya simu za Android, na kanuni inanakiliwa tena. Sasa kanuni moja ina makao matatu.

Siku moja mkutano mkuu unaamua kikomo kishuke hadi mara mbili. Mwanaprogramu anabadilisha kwenye wavuti, anabadilisha kwenye Android, anasahau USSD. Mama mwenye akiba ya shilingi 40,000 anaomba shilingi 100,000 kwenye wavuti, anakataliwa. Jirani yake mwenye akiba kama hiyo anaomba kwa kabambe, anapewa. Nani atamweleza mama huyo? Nani atamweleza mkaguzi wa hesabu? Hapo ndipo utasikia usemi unaoniudhi kuliko yote: "Ni sistimu imefanya hivyo." Sistimu haijafanya kitu. Ni wewe uliyeitawanya kanuni kama mtu anayewatupia kuku mahindi.

Kuna balaa jingine. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa zetu zimehamia simuni. Mwanachama akilipa mkopo kwa M-Pesa, seva ya mtandao wa simu huiarifu seva ya chama moja kwa moja. Hakuna ukurasa, hakuna kitufe, hakuna mtumiaji aliyeketi mbele ya kivinjari. Sasa niambie, kanuni ya kugawa malipo hayo, kiasi gani kiende kwa riba na kiasi gani kwa deni lenyewe, uliiandika kwenye ukurasa gani?

Dawa yake ni rahisi. Kanuni iandikwe mara moja, ndani ya modeli, kwa jina linaloeleweka hata na mhasibu wa chama. Mahali pengine pote paulize tu:

$mwanachama->anawezaKukopa(100000)

Wavuti iulize hivyo. USSD iulize hivyo. Android ipitie kwenye seva na kuuliza hivyo hivyo. Kanuni ikibadilika, unagusa mahali pamoja. Na unaweza kuijaribu kwa sekunde chache bila kufungua kivinjari.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Fremuweki yangu inanilinda." Haikulindi. Laravel haijui habari ya mara tatu ya akiba. Inakupa faili tupu yenye jina la jedwali, na ukiiacha hivyo ilivyo, hiyo si modeli, ni mlango wa kuingilia kwenye hifadhidata. Nyumba si mlango.

La pili: "Mteja ana haraka." Mteja ana haraka leo, lakini atakaa na programu hiyo miaka 10. Kuiandika kanuni kwenye modeli badala ya kidhibiti hakuchukui muda wa ziada wa maana. Kinachochukua muda ni kuitafuta baadaye katika faili 40.

La tatu lina ukweli: "Si kila kitu kinahitaji MVC." Naam. Ukurasa mmoja wa kutangaza harusi ya binamu yako hauhitaji haya yote. Andika HTML yako ulale. Lakini programu ikishika pesa, dawa au alama za mitihani, hapo hakuna mzaha.

Nawaachia kipimo kimoja. Keti na mradi wako na ujifanye umefuta kurasa zote na vidhibiti vyote, zimebaki modeli peke yake. Je, mgeni akizisoma atajua chama chenu kinaruhusu nini na kukataza nini? Akijua, una MVC, hata kama faili zako zote ziko kwenye folda moja. Asipojua, una folda tatu.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na msimbo wake pia tuutazame pamoja. Kazi njema.