Je, Mapenzi ya Kufikiri Yapimika?

Muhula huu, katika mdahalo wetu wa Ijumaa, ililetwa hoja ya kuwa shule iwape wanafunzi wote karatasi ya maswali ili wajulikane wale wapendao kufikiri, na hao ndio wapewe nafasi katika kundi la hesabu za ziada. Waliounga mkono walishinda kwa kura chache. Mimi nilikaa upande wa wapinzani, na kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla hatujamaliza, nawaomba wasomaji wapenzi wanipe nafasi katika gazeti letu niyaseme yaliyobaki.

Kwanza ni haki kusema ya kuwa mwenzetu aliyeleta hoja hakuota ndoto. Kipimo cha namna hiyo kipo, tena kina umri mkubwa. Mwaka 1955 Arthur Cohen na wenzake huko Marekani waliandika juu ya kitu walichokiita haja ya kufikiri, yaani hamu aliyo nayo mtu ya kuyaelewa na kuyapanga mambo yanayomzunguka. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, John Cacioppo na Richard Petty, walitoa karatasi yenye sentensi 34, na mwaka 1984 wakaifupisha zikabaki 18. Hii fupi ndiyo inayotumiwa sana duniani mpaka leo. Mtu hupewa sentensi moja moja akaeleza ni kwa kiasi gani inamfaa: kama apenda jambo lenye mafundo kuliko jambo jepesi, kama aona raha kukaa na swali moja muda mrefu, na kadhalika. Nusu ya sentensi hizo 18 zimegeuzwa, yaani anayezikubali apungukiwa alama. Hila hiyo ni nzuri, maana wako watu waitikiao “ndiyo” kwa kila neno kama waitikiavyo mkutanoni, na karatasi hii haiwapi hao alama za bure.

Kadhalika wenyewe walitahadhari. Hawakusema ya kuwa kipimo hiki chapima akili. Mwenye akili nyingi aweza kuwa mvivu wa kuitumia, na mwenye akili ya kadiri aweza kukesha na hesabu moja kwa sababu imemnogea. Uhusiano wa kipimo hiki na alama za darasani upo, lakini si mkubwa. Katika mdahalo wetu jambo hili lilipita kama upepo, watu wakasema “wapenda kufikiri” wakimaanisha wale wa kwanza mpaka wa kumi darasani.

Sasa nije kwenye mashaka yangu. Karatasi ile ilipojaribiwa mara ya kwanza mwaka 1982, walilinganishwa walimu wa chuo kikuu na wafanyakazi wa kiwandani ambao kazi yao ni kuunganisha vitu mstarini. Walimu wa chuo wakapata alama za juu. Wataalamu wakafurahi, maana kama kipimo kisingeweza kuwatenganisha watu hao wawili kingekuwa cha nini? Mimi nasoma habari hiyo nauliza swali jingine. Mtu anayesimama mahali pamoja kutwa, akikaza vitu vya namna moja, amepewa lini jambo la kufikiri kazini mwake, hata ajue kama alipenda au hapendi? Yule mwalimu hulipwa kwa kufikiri, hupewa kiti, vitabu na wakati. Siwezi kujua ladha ya embe ikiwa sijaonjeshwa embe.

Tena sentensi zile haziulizi juu ya jambo fulani unaloliona. Zauliza juu ya kufikiri kwa jumla, kana kwamba kufikiri ni shamba moja lisilo na mipaka. Hapa shuleni tunao wenzetu watokao visiwani, Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni na kwingineko katika delta, wanaokuja kwa mashua mpaka Nyamisati ndipo wapande gari kuja Kibiti. Mwulize mmoja wao kama apenda “matatizo yenye mafundo”, atafikiri unamwuliza kama apenda algebra, akajibu hapendi. Lakini mwulize hivi: leo maji yamejaa saa 10 jioni, je, siku ya tatu kuanzia leo yatajaa saa ngapi? Atakujibu saa 12 na nusu kabla hujatafuta kalamu, maana ajua ya kuwa kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Naye hataishia hapo. Atakuuliza mwezi una siku ngapi, maana bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Atataka kujua mashua imepakia nini, na kama mkondo mnaoukusudia una fungu la mchanga mlangoni. Ukikosea kimoja tu, mtalala juu ya matope ya mikoko na mbu mpaka maji yarudi, karibu saa 12 baadaye.

Mpinzani wangu, ambaye ni rafiki yangu, alijibu hapo papo hapo ya kuwa mvuvi hufikiri kwa sababu ya shida, si kwa mapenzi. Neno hilo lina nguvu, na sitalikwepa. Hata mkulima wa mpunga kandokando ya mto hakupewa hiari. Wazee wetu walijua maji ya mto hupanda lini na kushuka lini, wakapanda mpunga kungoja maji, na maji yakishuka wakapanda mazao ya mlau katika unyevu uliobaki. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji huko juu, na tangu mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, hesabu ile ya zamani yataka kufanywa upya. Wazazi wetu waifanya, na nadhani hakuna hata mmoja anayesema anaona raha. Kufikiri huko kwauma.

Na kwa hakika kufikiri kwauma karibu kwa kila mtu. Mwaka 2024 ulitolewa uchunguzi uliokusanya tafiti 170 zilizofanywa katika nchi 29, ukaonyesha ya kuwa kadiri mtu alivyojikaza zaidi kwa akili, ndivyo alivyoeleza kuudhika zaidi. Basi mwanafunzi asijilaumu akiona kichwa kinamwuma mbele ya hesabu. Ajabu ni kwamba baada ya kuumwa hivyo, watu huenda wenyewe kutafuta maumivu mengine ya namna ile ile.

Nenda jioni chini ya mwembe wowote, hapa Kibiti au Nyamisati, utawakuta watu wazima waliotoka kazini wameinamia bao. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwanza ni namua, kisha mtaji. Kabla ya kuinua kete lazima uone moyoni zitapita wapi, zitaishia shimo gani, utakula nini, na mwenzako atajibu nini, na kete zote zimebadilika mahali! Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar akaandika juu yao kitabu kizima cha shahada, kilichotoka mwaka 1995, akichunguza akili ya mtu yaweza kufika wapi katika mchezo huo. Wale wa chini ya mwembe hawalipwi, hawapewi cheti, na chakula nyumbani chapoa. Wapo kwa sababu wapenda. (Vitendawili navyo vyasifiwa sana katika hotuba, lakini kitendawili ulichokijua tangu utoto si kufikiri tena, ni kukumbuka. Bao halikubali ukumbuke jibu la jana.)

Hapo ndipo naona njia. Ukitaka kujua kama mtu apenda kufikiri, usimwulize. Mtazame anachokichagua asipolazimishwa. Jambo hili nalo limejaribiwa. Mwaka 2013 Andrew Westbrook na wenzake huko Marekani waliwapa watu hiari: kazi nyepesi ya akili kwa malipo madogo, au kazi ngumu kwa malipo makubwa zaidi. Wakapima mtu yu radhi kuacha kiasi gani cha fedha ili asihangaike. Na waliopata alama za juu katika karatasi ya Cacioppo na Petty ndio walioacha fedha kidogo. Kwa hiyo karatasi si ya uongo. Lakini kumbuka ya kuwa wale walioijaza hawakuwa wakigombea kitu. Sisi twataka kuifanya mlango wa kuingilia kundi la hesabu. Mwambie mwanafunzi ya kuwa atakayesema apenda kazi ngumu atapata nafasi, halafu unihesabie wangapi watasema hawapendi. Atakayekosa ni yule mkweli.

Naomba pia walimu wetu waifikirie habari ya jirani zetu wa Bagamoyo, ambao ni wa mkoa wetu huu wa Pwani. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo Watanzania, walitoa habari za watoto wa shule wa huko waliopewa mafumbo ya kupanga vitu na ya kutafuta kitu kwa kuuliza maswali machache. Tuchukue mfano wangu mwenyewe: vitu 16 viko mkekani, nimekichagua kimoja moyoni. Ukiuliza kimoja kimoja waweza kufika maswali 15. Ukiuliza swali linalovigawa nusu kwa nusu, manne yatosha. Watoto walipimwa, kisha wengi wao, 358, wakafundishwa mbinu kwa muda usiofika saa moja, na 100 hawakufundishwa. Walipopimwa tena, waliofundishwa walikuwa wamepanda kuwazidi wenzao, na alama zao za mara ya pili zilieleza uwezo wao vizuri kuliko zile za kwanza. Kama shule ingewachagua watoto hao kwa kipimo cha asubuhi, ingewatupa wengi ambao kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha badilika.

Uchunguzi mmoja zaidi, nao ndio ulionifanya niandike. Mwaka 2022 wataalamu wa Wien na Dresden walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu walituzwa kwa kadiri ya bidii waliyotia, si kwa kadiri ya majibu sahihi. Baadaye walipewa hesabu wachague wenyewe, na kuambiwa hakuna tuzo tena. Waliokuwa wametuzwa kwa bidii walichagua hesabu ngumu kuliko wengine. Hapa shuleni twatuza nini? Siku ya wazazi zawadi zote huenda kwa wenye alama. Kwa hiyo mwenye busara huchagua swali jepesi, hukariri majibu ya mitihani iliyopita, na siku hizi akiwa likizoni huiuliza simu imjibie. Sisi wenyewe tumemfundisha hivyo. Halafu twataka kumpa karatasi tumwulize kama apenda kufikiri!

Basi ombi langu kwa Mwalimu Mkuu na kwa kamati ya taaluma ni hili. Kundi la hesabu za ziada liwe wazi kwa kila atakaye, muhula mmoja mzima, bila kipimo. Kila Jumatatu libandikwe swali moja gumu ubaoni nje ya maktaba, lisilo na alama, na pawe na daftari ambalo kila mtu ataandika alivyojaribu, hata kama hakufika mwisho. Maswali mengine yatoke kwa wenzetu wa delta, ya maji na mashua, maana hayo kwetu sisi wa bara ni magumu kweli. Mwisho wa muhula mwalimu afungue daftari aone ni nani waliorudi tena na tena. Na siku ya wazazi zawadi moja, hata kalamu tu, iende kwa aliyehangaika sana na swali ambalo hakulimaliza, wazazi wake wakiwapo wasikie jina lake likiitwa.

Ile karatasi ya sentensi 18 tuijaze pia kama wenzangu wapendavyo, lakini bila majina, na baada ya kundi kuanza. Tuijaze tena muhula wa pili, tuone kama alama za shule nzima zimesogea.